Memori Kadi ya Garsen

Ndani ya kopo la Blue Band nyumbani kwangu, pamoja na vifungo vya mashati, sindano na funguo ambazo hakuna anayejua zinafungua nini, kuna memori kadi ya PlayStation 2. Ni nyeusi, ndogo kama kiberiti, na uwezo wake ni megabaiti 8. Nimehama nayo nyumba nne. Mke wangu ameniuliza mara mbili kama ni ya kutupa, na mara zote mbili nimemwambia ngoja kwanza.

Iliyomo ndani ni timu ya mpira. Nitaifikia. Ila siwezi kuieleza bila kueleza kwanza gemu zilifikaje Garsen, na jambo hilo sijaliona likiandikwa popote. Ukitafuta historia ya Tana River utapewa mafuriko. Utapewa kambi ya Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliozuiliwa bila kesi walipigwa na askari mpaka wakafa. Utapewa mradi wa umwagiliaji wa Bura, utapewa kima wa mtoni ambao watafiti wanakuja kuwahesabu, kisha utapewa mapigano ya Wapokomo na Waorma. Yote ni kweli. Lakini mtu akisoma hayo tu anaweza kudhani kwamba kati ya janga moja na jingine sisi tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tukingoja linalofuata.

Wengine tulikuwa tunacheza Contra.

Mashine ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilikuja baada ya maji ya El Niño, yale ya 1997 hadi 1998, kupungua na mabasi kuanza tena kupita bila kukwama. Aliileta mjomba wangu aliyekuwa akifanya vibarua Mombasa. Ilikuwa na padi mbili za waya mfupi, na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ndani yake mna gemu 9999999. Zilikuwemo kama nane. Zilizobaki zilikuwa hizo hizo zikijirudia kwa majina mengine, nyingine zikianzia katikati. Tulichukua muda kuligundua hilo, na hata tulipoligundua tuliendelea kushuka ile orodha, namba baada ya namba, tukiamini kwamba pengine namba elfu na kitu kuna kitu hatujakiona.

Sikujua wakati huo kwamba nilichoshika ni nakala ya nakala. Asili yake ni mashine ya Nintendo iitwayo Famicom, iliyoanza kuuzwa Japani Julai 1983. Viwanda vya Taiwan, halafu China, vikainakili kwa chipu za bei rahisi na kuiuza kote ambako Nintendo wenyewe hawakuona faida ya kufungua duka: Urusi, Uhindi, Amerika ya Kusini, Afrika. Huku kwetu bidhaa za namna hiyo zilipitia Dubai, zikashuka Kilindini au zikaingia Eastleigh, na kutoka hapo zikasambaa kwa mabasi chini ya viti, zimefungwa kwenye leso. Kufikia siku zinafika Garsen, watoto wa Tokyo walikuwa wamezisahau zamani.

Tatizo halikuwa mashine, tatizo lilikuwa moto wa kuiwashia. Nyumba yetu haikuwa na stima. Tulikuwa na televisheni ya Greatwall ya inchi 14, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Betri ikiisha, mtu anaipakia kwenye baiskeli kuipeleka ikachajiwe, na hapo bob hamsini zimekwenda. Baba aliipima betri ile kama mtu anayepima mchele wa wageni. Taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa lazima. Gemu ilipata kilichosalia, na kilichosalia kilijulikana kwa picha: skrini inaanza kusinyaa pembeni, askari wako anakuwa mwembamba, kisha anabaki nukta moja katikati, kisha giza.

Kwenye Contra wachezaji wawili wanakimbia pamoja na bunduki. Mmoja amevaa suruali ya buluu na mwingine nyekundu. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima. Kwenye Greatwall wote wawili walikuwa kijivu, na sijui ni ngumi ngapi zilipigwa nyumbani kwetu kwa sababu hakuna aliyejua nani amekufa. Kulikuwa pia na mambo ya roho. Roho zako zikiisha na mwenzako anazo, unaweza kubonyeza ukachukua moja ya kwake. Tuliita kukopa roho. Kuna waliokopa kwa adabu, wakiomba kwanza, na kuna waliokopa kimyakimya huku umekazia macho mbele, unashtukia umebaki na moja. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Kiorma ambaye mama yake aliuza maziwa sokoni na kumwacha kwetu mpaka jioni, alikuwa wa aina hii ya pili. Alikuwa ananiambia, "Nitarudisha." Roho ya Contra hairudishwi, gemu haina njia hiyo. Alijua vizuri sana.

Na kulikuwa na kodi. Tuliita kodi, kama kodi ya nyumba, maana ndivyo tulivyosikia. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na badala ya roho tatu unapata 30. Hakuna aliyejua ilitoka wapi. Ilifika kwa mdomo, kama kitendawili, na kila mtoto aliifundishwa na mkubwa wake. Aliyeitunga ni Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, mwaka 1986, alipokuwa akitengeneza gemu ya Gradius kwa ajili ya Famicom. Iliaminika kuwa gemu ilimshinda mwenyewe kuicheza, akajiwekea njia ya mkato ili aweze kuijaribu. Alifariki Februari 2020. Habari hiyo nilisoma nikiwa kwenye matatu, nikamtumia kila mtu wa zamani ambaye nilikuwa na namba yake. Mmoja sikumtumia. Namba nilikuwa nayo.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa sababu ni ya kila mtu. Zilikuja zile brick game za mkononi, zenye matofali yanayoshuka, ambazo asili yake ni Tetris ya Alexey Pajitnov wa Moscow. Zikaja Nokia 3310 na baadaye 1100 yenye tochi, na ndani yake nyoka, mjukuu wa yule aliyewekwa na Taneli Armanto kwenye simu ya Nokia mwaka 1997. Hapa lazima nimtaje dada yangu. Kwenye vibanda vya baadaye wasichana hawakukaa. Hakuna aliyewakataza kwa maneno, ila mtoto wa kike akionekana pale habari ilifika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo dada alibaki na brick game yake jikoni akingoja maharagwe yaive, na hakuna mwanamume kwetu aliyewahi kumfikia. Nikisema "sisi" kwenye makala hii, ujue yeye hayumo, na si kwa kupenda kwake.

Kibanda chenyewe kilifunguliwa karibu na stendi, mwaka 2008 kama sikosei. Kilikuwa cha mabati, na televisheni mbili, PlayStation 2 mbili, jenereta nyuma iliyofunikwa gunia ili isipige kelele, benchi moja refu na feni iliyozunguka kwa huruma. PS2 ilikuwa imetoka tangu mwaka 2000 na PS3 ilikuwa tayari madukani Ulaya, lakini hayo hayakutuhusu. Mashine zilikuwa mtumba, zimechipiwa Mombasa ili zisome sidii za kunakiliwa. Mechi moja bob kumi. Anayefungwa anatoka, anayeshinda anakaa. Sare, wote wawili mnalipa tena, jambo lililomfanya mwenye kibanda awe mtu pekee Garsen aliyependa sare.

Huyu mwenye kibanda alikuwa mtu wa kuja, kutoka Ukambani. Nimefikiria sana jambo hilo miaka ya karibuni. Garsen imekaa mahali ambapo mto, mashamba na njia za ng'ombe vinakutana. Wapokomo wanalima kingo, migomba na miembe na mpunga. Waorma wanashuka na mifugo wakati wa kiangazi kunywesha, na njia wanazopitia kufika majini zinaitwa malka. Shamba likifunga malka, ng'ombe hawana maji. Ng'ombe wakipita nje ya malka, shamba halina mavuno. Karibu kila ugomvi mkubwa wa kule ukiufuata mpaka chanzo utaikuta malka. Sasa weka hapo kibanda cha mtu asiye na ng'ombe wala migomba, anayetaka bob kumi tu. Kijana wa Kiorma hakuwa amekuja kwa Mpokomo, wala Mpokomo hakuwa amekuja kwa Mworma. Wote tulikuwa tumekuja kwa Mkamba.

Jioni ndiyo ilikuwa saa yake. Mchana mabati yale yalikuwa tanuri. Baada ya magharibi, walioswali wameswali, wa kanisani nao wametoka kwaya, watu wanajaa mpaka mlangoni. Wazee walisema ni kamari. Walikuwa na haki kidogo, maana kulikuwa na vijana walioekeana bob ishirini kwa kila mechi, na mwenye kibanda alijifanya haoni. Upande mmoja watu walicheza GTA San Andreas. Kijana aliyekuwa hajawahi kufika Malindi anaendesha gari usiku kwenye barabara za njia sita, wakati barabara yetu ya kwenda Lamu ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Kodi zake zilikuwa ndefu. Ya kupata afya na pesa ilikuwa R1, R2, L1, X, halafu kushoto, chini, kulia, juu, mara mbili. Daftari langu la hesabu la kidato cha tatu lina kodi hizo kurasa nne za nyuma. Hesabu zenyewe ziko kurasa sita.

Upande wa pili ni mpira, Pro Evolution Soccer 6. Konami hawakuwa wamelipia majina ya timu zote, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool iliitwa Merseyside Red. Tulilijua hilo kama tunavyojua majina ya utani ya majirani. Ilikuwa mwiko kuchukua Inter Milan, kwa sababu Adriano alipiga mashuti ambayo hayazuiliki, na ukishinda naye ulihesabiwa hujashinda. Kenya haikuwemo kwenye timu za taifa. Tulikuwa na Dennis Oliech wa Nantes tu, na wapo waliokubali kufungwa mabao manne kila siku alimradi wacheze na Oliech. Ndani ya gemu ile kulikuwa pia na wachezaji wa kubuni, unaopewa unapoanza ligi kuu yako bila pesa: Castolo, Minanda, Ximelez. Hawajawahi kuwepo duniani. Nawakumbuka kuliko baadhi ya walimu wangu.

Gemu hiyo ilikuruhusu kubadilisha majina. Basi mwaka 2011, wakati wa likizo, tulichukua timu moja ambayo hakuna aliyeipenda, tukafuta majina yake yote, tukaandika GARSEN FC. Tukajiingiza wenyewe. Kazi hiyo ilichukua siku tatu, kwa sababu unachagua herufi moja moja kwa padi, na kila dakika ilikuwa inalipiwa. Tulichanga. Kila mmoja alitaka kasi 99. Kila mmoja alitaka urefu usio wake. Mabishano ya nani awe beki yalikuwa makubwa kuliko mechi zenyewe.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu siamini sana watu wanaosimulia utoto wao kama pepo. Haikuwa pepo. Pale kwenye benchi tulitukanana vizuri tu. Kulikuwa na maneno kuhusu wenye kunuka maziwa na maneno kuhusu wenye matope miguuni, na nilisema yangu. Tulicheka, lakini maneno yale yalikuwa ya nyumbani, tumeyabeba kutoka kwa baba zetu, na yalikuwa yakingoja. Mapigano ya 2001 tulikuwa tumeshayaishi tukiwa wadogo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba gemu ziliunganisha jamii, nitamwambia alikosea kibanda. Tulichofanya ni kupanga foleni pamoja. Ukikaa foleni moja na mtu miaka minne unajua kikohozi chake, unajua anavyoshika padi, unajua ana bob ngapi mfukoni. Kama hilo lina jina, mimi silijui.

Idd ya 2012 iliangukia katikati ya Agosti kuelekea mwisho. Kibanda kilijaa siku hiyo, vijana wana pesa za sikukuu. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilivamiwa, na watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba ikawa Kilelengwani, waliokufa 38, na kati yao polisi 9. Serikali ikatangaza kafyu, jioni hadi alfajiri. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao, karibu watu 40. Kwa jumla miezi ile ilimaliza watu zaidi ya 100, na waliokimbia makwao walihesabiwa kwa maelfu. Sitaeleza niliyoyaona. Wenye haki ya kuyaeleza ni waliofiwa.

Nitaeleza la kibanda tu. Biashara yake ilikuwa ya usiku, na kafyu iliuchukua usiku. Lakini hata kabla ya kafyu benchi lilikuwa limeshagawanyika. Siku mbili baada ya Riketa nilipita pale saa kumi, nikakuta watano, wote wa upande mmoja, wakicheza bila sauti. Hakuna aliyekatazwa kuja. Aliyekuwa anakuja alikuwa anapita njia fulani, na njia ile sasa haikupitika. Mwezi wa tisa mwenye kibanda alipakia vitu kwenye lori. Mashine alikuwa na mteja wake Malindi. Memori kadi ilikuwa imebaki juu ya meza, akanitupia. "Shika. Wameshanunua, hii hawakuihesabu."

Yule rafiki yangu wa roho za kukopa, familia yake ilihamia upande wa Hola. Hatukugombana. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hakuna neno baya ambalo mmoja wetu anaweza kulirudisha. Simu zilipungua, zikawa za Idd na Krismasi, zikaisha.

Garsen ya leo ina gemu zake. Kulipita zile mashine za kutumbukiza sarafu ya bob ishirini, zilizoingia hadi maduka ya vijijini, mpaka serikali ilipoanza kuzikamata na kuziteketeza mwaka 2018. Sasa kila kitu kiko kwenye simu, mpira na kamari pamoja, na kijana anacheza peke yake amelala chali. Nimejua pia, nimechelewa kujua, kwamba mwaka 2007, kabla hata ya kibanda chetu kufunguliwa, Mkenya aitwaye Wesley Kirinya alikuwa tayari ametengeneza gemu yake, The Adventures of Nyangi. Sisi tulikuwa tunaamini gemu hutengenezwa na watu wasio na sura, kama Castolo.

Mwezi uliopita nilikuwa Malindi kwa shughuli nyingine, nikaiona PS2 kwenye kioo cha fundi wa redio. Siku ya pili nikarudi na memori kadi. Fundi alisema kadi za umri huo mara nyingi zimekufa. Akachomeka. Ikasoma.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni tarehe. Faili ilionyesha kwamba imehifadhiwa mwaka 2000. Gemu yenyewe ilitoka 2006, kwa hiyo tarehe hiyo haiwezekani. Fundi akacheka, akanieleza: ndani ya PS2 mna betri ndogo ya saa, ikifa mashine inarudi mwaka 2000 kila inapowashwa. Kumbe miaka yote ile kibanda chetu kilikuwa mwaka 2000. Mtu wa nje akiipata kadi hii hatajua kama timu ile ilipangwa kabla ya Riketa au baada. Inabidi mtu aseme, na anayesema ni mimi, na mimi tayari nimesema "kama sikosei" mara moja hapo juu.

Fundi alikuwa na sidii ya gemu hiyo. Tukafungua timu. Wachezaji 18, majina ya utani tupu. Nikawahesabu, sikuweza kujizuia. Wapokomo tisa, Waorma sita, Mluo mmoja mtoto wa polisi, Mgiriama mmoja, na mwenye kibanda mwenyewe, tuliyemweka golini kama shukrani. Kisha nikaona jambo ambalo sikulikumbuka, au sikutaka kulikumbuka. Kati ya wale sita wa Kiorma, wanne walikuwa benchi. Aliyepanga kikosi, aliyeshika padi siku zile tatu, nilikuwa mimi.

Nilipiga picha skrini ya TV, picha mbili, moja kikosi na moja benchi. Nikatafuta ile namba. Nikaandika salamu, nikafuta, nikatuma picha peke yake.

Jibu lilikuja usiku, la sauti, sekunde 14. Nyuma yake mbuzi wanalia na mtoto anaulizia chaja. Hakunisalimu. Alisema, "Wewe, mimi sikuwa beki. Tulikubaliana winga ya kushoto, ukasema utabadilisha kesho. Badilisha."